Siku Saba za Kuitoa Mikono

Mchoraji wa shule ya viziwi alikuwa haitwi kwa jina lake. Siku ya kwanza alipoingia pale, wanafunzi walimbandika jina la alama: waliinua mkono mmoja, wakavitikisa vidole vyote vitano, kisha wakachora hewani kwa kidole cha mkono wa pili. Walimu wanaosikia wakalitafsiri wakapata Mama Vidole, na likamganda. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa moja tu, kuchora mikono. Shule ilikuwa inatengeneza kamusi yake ya lugha ya alama, na kila neno lilihitaji mchoro: kiganja kinatazama wapi, kidole gani kimekunjwa, mkono unaanzia kifuani au shavuni, na mshale wa kuonyesha unakoelekea.

Mikono yenyewe ilikuwa ya mdogo wake wa kiume. Huyo alipoteza usikivu akiwa na miaka minne, kwa homa ya uti wa mgongo, akasomeshwa palepale shuleni, akajifunza useremala, akabaki kuufundisha. Wote walimwita Randa, kwa sababu jina lake la alama lilikuwa kusukuma randa juu ya ubao. Kila siku baada ya vipindi alikuja kwenye chumba cha dada yake, ambacho zamani kilikuwa stoo ya mipira na nyavu, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi. Alikaa juu ya stuli mbele ya dirisha, akasema neno moja kwa mikono, akaganda nalo hapo. Dada akachora.

"Usitikisike," dada alimwambia.

"Mimi si nguzo," Randa alijibu, na kwa kuwa kajibu kwa mikono, ikabidi waanze upya.

Jumatatu moja walikuwa wamemaliza herufi S, ya mwisho katika kitabu cha kwanza cha kamusi, na michoro iliyokamilika ilikuwa elfu moja mia tatu na kumi na miwili. Mama Vidole aliwasha kompyuta, akaweka kikombe cha chai pembeni, akabofya programu ya kuchorea. Ikafunguka nusu. Katikati ya kioo kikatokea kijisanduku cheupe: Muda wako wa matumizi umekwisha. Chini yake vitufe viwili. Kimoja, lipa kwa mwezi. Cha pili, lipa kwa mwaka. Cha kusema hapana hakikuwepo.

Alizima, akawasha. Kijisanduku. Akachomoa waya ukutani, akahesabu mpaka ishirini, akachomeka. Kijisanduku kilikuwa kinamngoja kama mwenye nyumba mlangoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Programu ya kwanza shule iliinunua ndani ya boksi, na kisahani chake cha CD, ikalipwa mara moja basi, kama mtu anavyonunua nyundo. Miaka miwili nyuma ukaja mradi wa wafadhili, ukaja na fundi wa kompyuta mchangamfu, akasema ile imezeeka, akaweka mpya. Michoro yote ya zamani ikageuzwa kuwa faili za aina mpya. Na malipo? Usijali, Mama, mradi unalipa. Mradi ukalipa kweli, ukapiga picha na watoto, ukaaga. Hakuna aliyemwambia Mama Vidole kwamba siku malipo yakikoma na mlango utafungwa.

Akakikumbuka kile kisahani. Alikikuta kwenye droo, chini ya filimbi za mwamuzi, akairudisha programu kongwe, nayo ikafunguka bila maneno mengi. Akaipa mchoro mmoja. Faili hili halitambuliki. Akaipa mwingine. Halitambuliki. Akaipa neno "mama", mchoro wa kwanza kabisa aliowahi kuuchora pale. Halitambuliki.

Alipogeuka, Redio alikuwa amesimama mlangoni. Redio alikuwa karani wa shule, mwanamke kiziwi tangu kuzaliwa, na jina lile alipewa kwa kuwa hakuna habari iliyopita karibu naye ikabaki siri. Alizunguka shule nzima na majalada kwapani, lakini kuzungumza kulihitaji mikono yote miwili, kwa hiyo majalada yake yalikutwa popote alipowahi kusimama kutoa habari.

"Imekufa?" aliuliza kwa mikono.

"Haijafa. Imefungwa. Wanataka pesa."

"Na mikono yote imo humo?"

"Yote."

Redio aliyaweka majalada juu ya meza na kuondoka. Kabla taa ya mapumziko ya saa nne haijawaka, maana kengele ya viziwi ni taa, shule nzima ilikuwa na habari, mpaka mpishi.

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mtaratibu, anayesikia, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliwaita dada na kaka ofisini, akafunga mlango. Hilo halikusaidia kitu, kwa sababu mlango ulikuwa wa kioo na Redio alijua kusoma midomo.

"Kiwanda cha uchapaji kimetupa zamu mwisho wa mwezi huu," alisema. "Tukiikosa sijui tutapata nyingine lini. Tulipe tu, Mama Vidole. Nitapunguza kwingine."

"Kwingine wapi, Mwalimu?"

Mwalimu Mkuu alivaa miwani, akaivua. "Magodoro ya bweni la wadogo yanaweza kungoja mwaka mmoja."

Mama Vidole hakuwa mtu wa makelele. Waliomfahamu walijua kwamba akikasirika huanza kusema polepole, kama anayemwagia mgonjwa dawa kwenye kijiko. Alisema kwa mdomo na kwa mikono kwa pamoja, ili mdogo wake asipitwe.

"Ngoja nielewe, Mwalimu. Mikono ni ya huyu. Michoro nimechora mimi. Kompyuta ni ya shule. Na watoto walale kwenye mbao ili mimi niruhusiwe kuitazama kazi yangu? Haya, na mwakani?"

"Mwakani tutaona."

"Mwakani watataka tena. Na mwaka unaofuata. Siku shule ikikosa, tutarudi hapahapa, ila michoro iliyofungiwa itakuwa elfu mbili. Hapana. Mimi silipi kodi ya chumba nilichokijenga mwenyewe."

Randa akapiga meza kwa kiganja mara moja. Ndivyo alivyokuwa akisema ndiyo akiwa hana subira ya kuisema.

"Sawa, hapana," Mwalimu Mkuu alisema. "Lakini hapana ni neno, si mpango. Mnataka nifanye nini?"

"Mwite muuzaji," Randa alisema. "Nataka nimwone mtu aliyeifungia mikono yangu."

Wakala wa kampuni alikuja Jumatano, shati limenyooshwa mpaka linakata, begi la ngozi mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyefundishwa maneno, na maneno yake yalikuwa mengi na laini. Programu inaboreka kila mwezi, alisema. Hakuna tena kununua boksi linalozeeka. Mnalipa kidogo kidogo, mnapata kipya daima.

Randa aliinua mkono. "Tukiacha kulipa, michoro inakwenda wapi?" Mama Vidole akatafsiri.

"Swali zuri, Mama," wakala akamjibu Mama Vidole. "Haiendi popote..."

Randa akagonga meza. "Mwambie aliyeuliza ni mimi. Anitazame mimi."

Wakala akatazama viatu vyake, kisha akamgeukia. "Samahani, kaka. Haiendi popote. Ni mali yenu, ipo salama kwenye kompyuta yenu. Ni kuifungua tu ndiko hakuwezekani."

"Kwa hiyo sanduku ni letu, ufunguo ni wenu," alisema Mama Vidole.

"Siuiti ufunguo, Mama. Ni huduma."

"Huduma ya namna hii sina alama yake," Randa alisema. "Ngoja nitengeneze." Akabana vidole viwili kwenye ngozi ya mkono wake, akavuta kama anayejaribu kung'oa kitu kisichong'oka, na mashavu yake yakaanza kuvimba taratibu mpaka yakajaa kama puto. Redio, aliyekuwa ameingia bila kuitwa, akaangua kicheko. Hakuwahi kusikia ukubwa wa kicheko chake, kwa hiyo hakikuwa na kipimo. Mwalimu Mkuu akauma mdomo na kutazama dirishani.

"Amesema nini?" wakala aliuliza.

Mama Vidole hakumficha. "Amesema kupe."

Wakala alifungua begi lake. "Kwa shule tunatoa punguzo kubwa. Mwaka wa kwanza mnalipa nusu."

"Hata kupe huanza mdogo," alisema Mama Vidole. Akamshukuru kwa kuja, akamsindikiza mpaka getini kwa heshima zote, maana mgeni ni mgeni.

Wakala aliacha kipeperushi cha rangi nyingi. Wenye masikio walikitazama juu juu, wakakiacha. Randa alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi mpaka chini kabisa, hata ya sumu ya panya. Alisema watu wanaosikia huambiwa mambo bila kuyatafuta, lakini kiziwi lazima ayafuate yalikoandikwa. Alikwenda nacho karakana, akakisoma amekaa juu ya rundo la mbao, na saa nane mchana akaingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu bila kubisha, kidole kikiwa kimegandamiza mstari wa mwisho, wa herufi ndogo kama mchanga: Mtumiaji mpya hupewa siku saba bila malipo, programu ikiwa wazi yote.

Wakaitwa wote. Mama Vidole aliusoma mstari mara tatu. Alishawahi kusikia kwamba ipo programu nyingine ya kuchorea, imetengenezwa na watu wa kujitolea, haina bei wala kijisanduku. Aliidharau, kwa kuwa vitufe vyake vimekaa ovyo kama vyombo vya nyumba iliyohama jana. Lakini ingeweza kufungua michoro kama ingetolewa kwanza kwenye faili za kampuni na kuhifadhiwa upya katika aina ya faili inayosomeka popote. Kwa kutoa huko, programu ya kampuni lazima iwe hai. Siku saba ingekuwa hai.

"Huo si wizi?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Nisije nikafikishwa mahali."

"Mwalimu, mlango wanaufungua wao, na tangazo wamebandika wao. Mimi naingia kuchukua nguo zangu, natoka, nawarudishia mlango wao."

Lilibaki jambo moja. Ili kuzipata siku hizo, kampuni ilitaka kadi ya benki, ili siku ya nane, usipojitoa, ianze kukata yenyewe. Mhasibu wa shule alikataa kuitoa kadi ya shule, na haki alikuwa nayo. Hapo Mwalimu Mkuu, mtu aliyekuwa anaomba kibali cha maandishi hata kwa kuhamisha benchi, alifungua mkoba wake mwenyewe akatoa kadi yake mwenyewe.

"Mkisahau kujitoa siku ya saba watakata mshahara wangu," alisema. "Na mimi nitawakata ninyi."

Walianza Ijumaa saa moja asubuhi. Geti la shule lilifungwa saa kumi na mbili jioni, na mlinzi wake hakuwa na mchezo, kwa hiyo saa zao zilikuwa hizo. Kompyuta ilikuwa nzee. Kuufungua mchoro mmoja, kuutoa na kuuhifadhi upya kulichukua dakika tatu na ushei, na hakukuwa na njia ya kuitoa kwa mafungu. Mama Vidole alifungua na kutoa. Redio aliandika kila neno kwenye daftari, hili limetoka, hili bado. Randa alikaa kwenye kompyuta ya ofisi ya karani, akiufungua kila mchoro kwa ile programu ya bure na kuhakiki kwamba vidole havijapotea wala mishale haijageuka. Na kwa kuwa njia pekee ya kuhakiki alama ni kuifanya, alishinda anazungumza na kioo: chumvi, chungu, chupa, chura. Mpishi alipita dirishani akamwona, akaenda kumwambia Mwalimu Mkuu kwamba mwalimu wa useremala amerukwa na akili.

Vipindi vya Randa alivichukua Mwalimu Mkuu mwenyewe. Hakujua kushika msumeno, hivyo wiki nzima watoto wa useremala walipimishwa pembe.

Siku tatu za kwanza kazi ilikwenda vizuri mpaka Redio akaanza kujigamba. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, umeme ukakatika. Jenereta ya shule ilikuwa jina tu, vipuri vyake viliishia kwenye pampu ya maji. Wakangoja. Saa sita, hakuna. Saa tisa, hakuna. Mama Vidole alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akahesabu, akahesabu tena. Hata umeme ukirudi asubuhi, isingewezekana kumaliza. Kama michoro mia moja ingebaki ndani.

"Tufuate herufi kama tulivyoanza," aliwaambia. "Zitakazobaki zitakuwa za mwishoni, tutazichora upya."

"Hapana," Randa alisema.

"Hapana nini? Utaratibu ni utaratibu."

"Dada, mimi bado ninayo mikono yangu. Yangu unaweza kuichora tena hata kesho. Bibi wa Vifungo je?"

Mama Vidole akaketi.

Bibi wa Vifungo alikuwa kiziwi aliyeuza vifungo na nyuzi sokoni. Hakuwahi kukanyaga shule, lakini alikuwa na alama za zamani, za viziwi waliozungumza wao kwa wao kabla ya shule kuwepo, na maneno sitini na moja ya kamusi yalichorwa kutoka mikononi mwake. Alifariki miaka mitatu nyuma. Aliacha vifungo vyake kwa jirani, na maneno yake ndani ya kompyuta ile, basi.

"Nilimsahau," Mama Vidole alisema. "Nimekuwa nahesabu michoro, nikamsahau mtu."

"Ndiyo maana tuko watatu," alisema Randa.

Redio alikuwa ameshafungua daftari. Alikuwa amezoea kuandika kila kitu kumhusu kila mtu, na safari hii umbea wake ulilipa: pembeni ya kila neno alikuwa ameandika mikono ni ya nani. Maneno ya Bibi wa Vifungo yalitawanyika kutoka A hadi S, na arobaini na mawili yalikuwa bado ndani.

Umeme ulirudi kesho yake saa tano. Walianza na hayo. Neno "mvua" lilipofunguka kioo kikajaa ile mikono, vifundo vimevimba kwa ukongwe, kidole gumba kimepinda, uzi wa kushonea umezungushwa kwenye kidole cha shahada kama pete. Kwa alama ya shule, mvua ni vidole vinavyoshuka. Kwa Bibi wa Vifungo ilikuwa ni kiganja kinachoinuliwa juu ya kichwa cha mtoto. Mama Vidole aliutoa mchoro, akauhifadhi, akauhifadhi mara ya pili mahali pengine, akaendelea hivyo mpaka yote arobaini na mawili yalipotoka. Kisha akatoka nje, akanawa uso bombani, akarudi.

Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Saa kumi na moja na nusu jioni daftari la Redio lilikuwa na mistari tisini na minne isiyo na alama ya vema. Mlinzi alikuwa ameshaanza kutikisa funguo zake.

Mwalimu Mkuu alikuja akasimama nyuma yao. "Tisini na minne tu," alisema taratibu. "Tulipe mwezi mmoja. Mmoja tu, tumalize, tuondoke. Kamusi itawahi zamu ya kiwanda. Nitalipa mimi."

Halikuwa wazo la kijinga, na Mama Vidole alilijua hilo. Mgongo ulimuuma, macho yalimuwasha, na kitufe cha kulipa kilikuwa palepale, kikubwa, cha kijani. Alimtazama mdogo wake.

Randa alikuwa ameshasoma mpaka chini. "Mwezi si mwezi," alisema. "Unalipa kila mwezi, lakini mkataba ni wa mwaka. Ukijitoa mapema wanakudai nusu ya miezi iliyobaki. Iko ukurasa wa tisa wa masharti yao."

"Basi tumeshajibiwa," alisema Mama Vidole, akakisogeza kishale kwenye neno dogo la kijivu lililoandikwa sitisha.

Una hakika? kompyuta iliuliza. Ndiyo. Utapoteza huduma zote, bado una hakika? Ndiyo. Tukupe miezi miwili ya bure, utabaki? Redio akamshika bega, wala si kwa utani. Mama Vidole akasoma mpaka chini, kama mdogo wake: miezi miwili, kisha mkataba. Hapana. Tunasikitika kukuona ukiondoka, tafadhali fikiria tena.

"Huyu anaposa au anauza?" Mwalimu Mkuu aliuliza, na wote wakacheka, Redio kuliko wote. Mama Vidole akabofya kwa mara ya mwisho. Kikaja kijisanduku kusema wamejitoa. Mlinzi akawafungia geti nyuma yao.

Asubuhi yake Mwalimu Mkuu alipiga simu kiwandani kuiacha zamu. Lilimuuma, na hakujifanya halijamuuma. Muhula mpya ungeanza bila kamusi, walimu wa darasa la kwanza wangeendelea na makaratasi yaliyochakaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa gharama yake, na aliisema mbele ya walimu wote: tumechelewesha kitabu kwa uamuzi wetu, mwenye lawama aje kwangu.

Kwa ile michoro tisini na minne Mama Vidole hakungoja kuizoea programu ya bure. Alitoa penseli. Randa akakaa kwenye stuli mbele ya dirisha. Neno la kwanza likawa "safari". Alichora haraka, mkono ukishangaa jinsi karatasi ilivyo laini, akamwonyesha.

Randa aliutazama mchoro muda mrefu. "Huyu nani?"

"Wewe, nani mwingine."

"Mimi sina kidole hicho."

Miezi minane nyuma msumeno wa karakana ulikuwa umemchukua Randa ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Kilipona, akarudi kazini, hakikuzungumzwa tena. Mama Vidole aliendelea kukichora kizima.

"Nilipokuwa nahakiki niliona," Randa alisema. "Tangu siku ile umekuwa ukinirudishia kidole, neno baada ya neno."

Mama Vidole aliitazama penseli. "Nilidhani nakufanyia wema."

"Najua. Ndiyo maana nilinyamaza. Sasa chora kilichopo."

"Watu watachanganyikiwa. Watadhani alama yenyewe inataka kidole kifupi."

"Wanafunzi wangu wananielewa kila siku. Nani amechanganyikiwa?"

Walibishana kama kawaida yao, mikono ikiruka, mpaka Redio akasimama dirishani kuwatazama kama anayetazama mpira. Mwisho Mama Vidole alifuta, akachora kidole kikiwa kifupi, na kovu lake. Walikubaliana kuweka mstari mmoja mwanzoni mwa kitabu: baadhi ya mikono humu ni ya seremala. Asiyeelewa aulize.

Katika wiki hizo za penseli, wakala alipiga simu. Safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kwenye karatasi. Kampuni ingependa kujua sababu ya kuondoka. Je, ni bei, ni ubora, ni huduma kwa wateja, au nyingine?

"Andika nyingine," alisema Mama Vidole.

"Nyingine ipi, Mama? Hapa wananitaka nijaze."

"Andika kwamba tulikuwa tunalipa ili tusifukuzwe kwetu. Tumeondoka na vyombo vyetu, hatudaiani."

Wakala aliandika, kalamu ikisikika. Kisha, kwa sauti ya kawaida, ya mtu, akauliza, "Mlivitoa vyote?"

"Kasoro michoro tisini na minne. Tunaichora."

"Haya, Mama," alisema. "Hongereni." Akakata simu kabla hajalazimika kusema lingine.

Zamu nyingine kiwandani ilipatikana baada ya miezi mitatu. Kamusi zilikuja ndani ya maboksi ishirini, zikapangwa kwenye korido, zikinuka wino. Mwalimu Mkuu alifungua boksi la kwanza mbele ya shule nzima na akashindwa kutoa hotuba aliyoiandaa. Watoto walizinyang'anya, wakafungua kurasa na kuanza kuzifanya alama kwa sauti yao ya kimya, korido nzima ikawa mikono. Binti mmoja wa darasa la pili alilipata neno "mvua", akainua kiganja juu ya kichwa cha mwenzake, akakaa nacho hapo.

Redio alichukua nakala yake pembeni, akaisoma kama barua ya mtu mwingine. Hazikupita dakika kumi, akaja mbio na kidole ukurasani, uso umejaa furaha ya mtu aliyepata habari mbaya kabla ya wenzake.

"Mmewabadilisha! Pa mjomba mmeweka shangazi, pa shangazi mmeweka mjomba!"

Mama Vidole alitazama. Ni kweli. Michoro miwili ilikuwa imekaa kinyume, na nakala zote, maboksi yote ishirini, zilikuwa hivyo.

"Ukoo mzima umepinduka," Randa alisema, akacheka mpaka akalazimika kuketi juu ya boksi.

Mama Vidole hakucheka sana, ila hakukasirika. Alikwenda stoo, akawasha ile kompyuta nzee, akabofya faili la ukurasa ule. Likafunguka. Akamhamisha mjomba, akamhamisha shangazi, akahifadhi, akatuma kipande kidogo cha kubandika kwenye mashine ya kuchapia ya karani. Jioni ile walimu na wazazi waliokuja kupokea watoto walikaa koridoni na gundi na mikasi, wakibandika, wakibishana nani ana mkono mwepesi. Kufikia saa kumi na mbili walikuwa wamemaliza maboksi manne. Mlinzi akaja kutikisa funguo, akaona kazi iliyobaki, akavuta benchi akaomba mkasi.